Nafsi ya Kwanza na Nafsi ya Pili: Kujinasihi, Moyo na Kiambishi -ji- katika Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Nathari ya kuhamasisha ya siku hizi humtaka msomaji ajiwekee malengo, ajitume na ajiamini. Makala haya yanaitazama lugha hiyo kwa kuilinganisha na kazi za fasihi ambamo mtu hujinasihi mwenyewe au hushindwa kujinasihi: Al-Inkishafi, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ya Shaaban Robert, na Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi. Inadaiwa kwamba nasaha ya mtu kwa nafsi yake hupata nguvu pale msemaji na msemeshwa wanapotenganishwa ndani ya mtu mmoja, na kwamba kiambishi -ji- kikizoeleka hufuta utengano huo. Athari yake haiishii katika sarufi, kwani mtu aliyeshindwa hubaki peke yake na lawama.

Kitenzi chenye watu wawili

Sentensi kama "Nimejiwekea lengo la kumaliza tasnifu mwaka huu" haimshtui msomaji yeyote wa Kiswahili leo. Imekuwa ya kawaida kiasi kwamba muundo wake hauonekani tena. Hata hivyo, muundo huo una mzigo mkubwa. Mzizi -wek- unadai mtenda na kitu kinachowekwa. Kauli ya kutendea inamwongeza mshiriki mwingine, yaani yule anayewekewa. Kisha -ji- inatangaza kwamba anayewekewa ndiye yule yule anayeweka. Katika matumizi ya kila siku, mtu huwekewa akiba, huwekewa chakula, huwekewa dhamana. Vilevile huwekewa mtego na huwekewa sumu. Umbo la kitenzi halisemi kama aliyejiwekea lengo amejiwekea akiba au amejiwekea mtego. Jambo hilo linaachiwa muktadha, na muktadha wa nathari ya kuhamasisha huchukulia daima kwamba ni akiba.

Kiambishi chenyewe kina tabia moja ambayo vitabu vya sarufi huitaja kwa haraka na kuipita. Viambishi vya yambwa hubadilika kulingana na nafsi na idadi: aliniuliza, alikuuliza, alimuuliza, alituuliza. Kirejeshi nafsi hakibadiliki: nilijiuliza, ulijiuliza, alijiuliza, walijiuliza. Nafasi ya mtendwa inajazwa na umbo moja lisilo na nafsi ndani yake, nalo hungoja kuazima nafsi kutoka kwa kiima. Kwa hiyo, kisarufi, mtu anayejiuliza anajua vyema nani anauliza. Nani anaulizwa ni jambo la kukisia. Hapa istilahi ya Kiswahili inasaidia kuliko istilahi za lugha nyingi, kwa sababu neno nafsi, lililotoka Kiarabu, ndilo linalotaja roho au utu wa mtu na ndilo linalotaja kategoria ya kisarufi ya msemaji, msemeshwa na msemwa.

Matumizi ya muda mrefu huifanya -ji- ichakae. Mfano ulio wazi zaidi ni -jifunza. Kwa mofolojia yake, kitenzi hiki kinamfanya kila anayejifunza kuwa mwalimu wa nafsi yake, kwani -funza ni kumtia mwingine elimu. Katika matumizi, mwanafunzi aliyeketi mbele ya mwalimu huambiwa kwamba anajifunza, na hakuna anayehisi ukinzani wowote. Watumiaji wa lugha walipotaka kueleza habari ya mtu aliyepata elimu bila mwalimu, iliwabidi waongeze neno mwenyewe au watumie -jifundisha. Yaani -ji- ya kwanza ilikwisha nguvu, ikahitaji kutiwa nyingine. Kinyume cha hali hiyo ni -jitahidi. Silabi yake ya kwanza inafanana na kirejeshi, lakini asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye mzizi wa j-h-d, na ji- hiyo ni sehemu ya neno tangu mwanzo. Nomino jitihada inathibitisha hivyo. Hakuna anayesema "nilimtahidi". Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba kitenzi kinachotumika zaidi kuhimiza juhudi ya mtu binafsi kina kirejeshi cha kudhaniwa tu.

Kitenzi cha tatu kinastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi, nacho ni -jituma. Maana yake ya sasa ni kufanya kazi kwa bidii bila kungoja kusimamiwa. Katika tangazo la kazi, katika hotuba ya mahafali na katika wasifu wa mwombaji wa ajira, kujituma ni sifa isiyohitaji maelezo. Lakini -tuma ni kitenzi cha mamlaka. Kinamhitaji anayetuma na anayetumwa, na uhusiano wao si wa watu sawa. Kutokana na mzizi huo Kiswahili kimepata mtume, mtumishi na mtumwa, vyeo vitatu vilivyo mbalimbali sana. Anayejituma ni bwana na mjumbe kwa wakati mmoja, na kitenzi hakimwambii ni mjumbe wa aina gani. Mhakiki anayesoma nathari ya kuhamasisha ana haki ya kuuliza swali hilo katika kila ukurasa.

Moyo kama msemeshwa

Ushairi wa Kiswahili ulikabili suala hili mapema, na ulilikabili kwa njia isiyohitaji -ji-. Katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir unaowekwa na wataalamu mwanzoni mwa karne ya 19, mshairi anataka kujionya. Anajua kwamba amezama katika dunia, na anakusudia kugeuka. Angeweza kusema kwamba anajionya. Badala yake anauita moyo wake, anauweka mbele yake kama mtu, na kuanza kuuhoji kwa nafsi ya pili. Moyo unaulizwa kwa nini hauzingatii na kwa nini umeghururika na dunia. Baada ya hapo msemaji analeta ushahidi: dunia ni bahari iliyochafuka, ni mangati yanayomdanganya mwenye kiu, ni taa iliyo katika upepo. Kisha anauongoza moyo hadi katika majumba ya Pate yaliyokuwa na taa za fuwele na vyombo vya Kichina katika zidaka zake, ambayo sasa yamekuwa makazi ya popo na buibui.

Uhakiki wa utungo huu umeshughulika zaidi na anguko la Pate, na ni haki yake, kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo yenye picha kali zaidi. William Hichens aliyeuhariri mwaka 1939 na James de Vere Allen aliyeuhariri tena mwaka 1977 waliona wote wawili kwamba kiini chake ni mtu na roho yake. Kilichosalia kusisitizwa ni mbinu ya kisarufi inayolibeba jambo hilo. Msemaji yuko katika nafsi ya kwanza na moyo uko katika nafsi ya pili, na kati yao kuna umbali ambao sentensi haiufuti. Umbali huo unauruhusu moyo kuwa mkaidi. Laiti msemaji na moyo wangekuwa kitu kimoja, swali lisingehitajika. Mtu angeamua na kutenda. Swali linaulizwa kwa sababu anayeulizwa anaweza kukataa, na utungo mzima unasukumwa mbele na uwezekano huo. Maiti za wakwasi, nyumba zilizobomoka na majina ya moto wa Akhera vinaletwa kimoja baada ya kingine, kwa kuwa hakuna uhakika kwamba kilichotangulia kimetosha.

Ni lazima kukiri kwamba Al-Inkishafi haina lengo kwa maana ya leo. Msemaji hapangi kupata kitu. Anapanga kujivua kitu. Neno linalofaa zaidi kwa kazi yake ni nia. Tofauti ya nia na lengo si ndogo. Lengo limetokana na kulenga, kitendo cha mwenye upinde au bunduki. Liko nje ya mtu, linaonekana, na linaweza kupimwa kwa hatua zilizobaki. Nia, katika mafundisho ya Kiislamu yaliyoulea ushairi huu, mahali pake ni moyoni, na hadithi ya Mtume kwamba vitendo huhukumiwa kwa nia ndiyo inayofungua mkusanyiko wa Bukhari. Mtu anaweza kufikia lengo huku nia yake ikiwa imeharibika. Anaweza pia kulikosa lengo na nia yake ikabaki salama. Msamiati wa kuhamasisha umelihifadhi neno nia, lakini umelifanya kisawe cha lengo, na hapo umepoteza njia mojawapo ya kumheshimu aliyeshindwa.

Usia unaomrudia mtoaji wake

Kati ya Al-Inkishafi na nathari ya leo yupo Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufanya kazi ya ukarani serikalini kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Maisha Yangu, iliyotoka mwaka 1949 na baadaye kuunganishwa na Baada ya Miaka Hamsini katika juzuu moja, husomwa shuleni kama mfano wa tawasifu, na vyuoni kama hati ya kihistoria. Inaweza kusomwa pia kama kitabu cha mtu anayejiongoza. Karani anahamishwa kutoka Pangani hadi Mpwapwa, anampoteza mkewe Amina, anabaki na watoto, na kati ya saa za ofisi na saa za huzuni anaendelea kuandika. Hakuna wakati ambapo kazi yake ya uandishi inategemezwa na taasisi inayotosha. Inategemezwa na azma.

Azma hiyo, ajabu, haielezwi kwa kirefu pale ambapo msomaji wa leo angeitarajia. Mwandishi hatoi orodha ya malengo yake wala hatua za kuyafikia. Nasaha zake zinakwenda kwa watu wengine. Kwa binti yake Mwanjaa anaandika Utenzi wa Hati, na kwa mwanawe Suleiman anaandika Utenzi wa Adili. Wahakiki wengi wameona undugu wa Hati na utendi wa Mwana Kupona binti Msham wa mwaka 1858, ambamo mama aliye mgonjwa anamwita binti yake aje na wino na karatasi apokee usia. Undugu huo ni wa kweli, lakini tofauti zake zina mafunzo zaidi. Mwana Kupona anatoa usia akiwa karibu na mwisho wa safari. Anayo mamlaka ya mtu aliyekwisha kumaliza. Shaaban Robert anatoa usia akiwa katikati. Mtoto amefiwa na mama, na baba anayemfundisha kustahimili amefiwa na mke. Subira anayoihimiza ni ile ambayo yeye mwenyewe hajahakikisha kama anayo.

Ukisomwa hivyo, usia unamrudia mtoaji wake. Mwanjaa na Suleiman ni watoto halisi na wanapokea nasaha halisi, lakini pia wanashika nafasi iliyoshikwa na moyo katika Al-Inkishafi. Wao ni nafsi ya pili ambayo kupitia kwayo nafsi ya kwanza inapata kusikia sauti yake. Mwandishi hahitaji kusema kwamba anajipa moyo. Anampa mtoto moyo, na msomaji anaona mkono wa mtoaji ukitetemeka. Hii ndiyo sababu tenzi hizo zina joto ambalo sehemu nyingine za kitabu hazina. Mahali ambapo mwandishi anaieleza tabia yake moja kwa moja, mara nyingi anatoa matokeo ya mashindano yake na nafsi bila kuyaonyesha mashindano yenyewe, na msomaji anapata picha ya mtu aliyekwisha kutengenea. Udhaifu huo unaonekana kwa wazi zaidi katika Utubora Mkulima. Utubora anaiacha kazi ya mjini na kwenda kulima Busutamu. Anachokiamua anakitenda, na ushawishi wa kumrudisha unagonga ukuta. Ni mhusika anayejituma kikamilifu. Ni vigumu pia kumkumbuka kama mtu, kwa sababu ndani yake hakuna wa kubishana naye.

Mfano wa upande wa pili ni Kazimoto katika Kichwamaji (1974). Kezilahabi amemnyima msimulizi wake kila kitu ambacho Utubora anacho, isipokuwa akili. Kazimoto anajiuliza bila kikomo. Maswali yake ni makali kuliko ya Al-Inkishafi, kwa kuwa hakuna jibu linalongoja nyuma yake: hakuna Akhera iliyo hakika, wala mtoto wa kumwachia usia kwa utulivu. Katika riwaya hii -ji- imefika ukingoni. Anayeuliza na anayeulizwa wamebanana kiasi kwamba hakuna hata mmoja anayeweza kumnasihi mwenziwe. Riwaya inamalizika kwa Kazimoto kujiua, kitenzi ambacho ndani yake mtenda na mtendwa wanatoweka pamoja. Wapo waliouona mwisho huo kama tamko la kifalsafa lililoazimwa Ulaya. Ukisomwa kando ya tungo zilizotajwa, unaonekana zaidi kama habari ya mtu aliyekosa nafsi ya pili.

Mchezaji na anayemwamrisha

Nathari ya kuhamasisha haikuzuka pwani ya Afrika Mashariki. Msamiati wake wa malengo umepitia mikononi mwa wataalamu wa uongozi wa kampuni. Edwin Locke alipoandika mwaka 1968 kuhusu malengo na utendaji, alikuwa akichunguza kwa nini lengo mahususi na gumu huzaa kazi bora kuliko agizo la jumla la kufanya uwezavyo. George Doran, mwaka 1981, aliwaandikia mameneja kuhusu namna ya kuyatamka malengo ya idara zao ili yaweze kupimwa. Katika mazingira hayo kulikuwa na watu wawili dhahiri, meneja na aliye chini yake. Mbinu hiyo ilipohamishiwa kwa mtu binafsi, vyeo hivyo havikufutika, vilihamia ndani. Kitenzi -jituma kilikuwa tayari kinawangoja.

Lakini ukocha wa kisasa una chimbuko jingine ambalo tafsiri za Kiswahili zimelisahau. W. Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, alichapisha The Inner Game of Tennis mwaka 1974. Aliona kwamba mchezaji anayekosa mpira hujikemea, na akauliza swali la kitoto lenye maana kubwa: nani anamkemea nani? Akazitaja nafsi mbili, ya kwanza inayotoa amri na ya pili inayotenda. Ushauri wake ulikuwa kwamba inayotoa amri inyamaze na kuiamini inayotenda. Atakayelitafsiri wazo hilo kwa Kiswahili atajikuta anaandika "nafsi ya kwanza" na "nafsi ya pili", na papo hapo atakuwa amesema jambo ambalo Kiingereza cha Gallwey hakikuweza kulisema, kwamba mtoa amri ni msemaji na mtendaji ni msemeshwa. Sarufi ya Kiswahili ilikuwa na majina hayo tangu zamani.

Gallwey na mtunzi wa Al-Inkishafi hawakubaliani kuhusu nani anyamaze. Kwa mwalimu wa tenisi, hekima iko kwa mtendaji, na msemaji ni kero. Kwa mshairi wa Pate, hekima iko kwa msemaji, na moyo ndio uliopotea. Wanakubaliana, hata hivyo, kwamba wako wawili, na kwamba kazi haiwezi kuanza mpaka wawili hao watambuane. Saikolojia ya majaribio imesogea upande huohuo: Ethan Kross na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojizungumzia kwa kutumia majina yao au viwakilishi visivyo vya nafsi ya kwanza walimudu wasiwasi wa kuhutubia wengine vizuri kuliko waliotumia "mimi". Msomi wa ushairi wa Kiswahili hawezi kushangazwa sana na matokeo hayo.

Huenda ikadaiwa kwamba nathari ya kuhamasisha nayo inatenganisha nafsi, kwa kuwa imejaa amri kama "jiambie kila asubuhi kwamba unaweza". Dai hilo linafaa kupimwa. Ni kweli kwamba -jiambia ni kitenzi cha usemi na kwamba usemi unahitaji msikilizaji. Lakini tazama kinachosemwa. Anayeambiwa anapewa kauli moja ya kukubali, imetungwa na mtu wa tatu ambaye ni mwandishi wa kitabu, naye anatakiwa kuikariri hadi aiamini. Hakuna swali. Moyo wa Al-Inkishafi haukupewa maneno ya kukariri. Uliulizwa, ukaonyeshwa ushahidi, ukaulizwa tena. Tofauti ya kauli ya taarifa na kauli ya swali ndiyo tofauti ya kocha anayemwona mchezaji na kocha anayesoma karatasi yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo, nathari hizo hazisomeki mara ya pili, ilhali utungo wa Pate umesomwa kwa karne mbili na watu ambao hawana haja yoyote na majumba ya Pate.

Msamiati wa vikwazo nao umefanyiwa jambo linalofanana. Mahali pa shida, dhiki, taabu, mkosi, dhuluma na ufukara, maneno ambayo kila moja lina uzito wake na baadhi yao yana mtu wa kulaumiwa, limewekwa neno moja, changamoto. Dhuluma ina dhalimu. Changamoto haina mwenyewe. Inamngoja tu yule anayetakiwa kuishinda. Neno hili si baya kwa asili, na katika taarifa za kiutawala lina faida ya adabu. Lakini mhitimu aliyezungushwa ofisi kumi bila kazi, akiambiwa kwamba anapitia changamoto na kwamba hajajituma vya kutosha, ameshapokonywa maneno mawili kwa pamoja: neno la kumtaja aliyemzuia na neno la kutaja alichotendewa. Anabaki na -ji-.

Nani yumo ndani ya -ji-?

Ilitokea wakati mmoja ambapo kiambishi hiki kilibeba watu wengi. Azimio la Arusha la Februari 1967 na Elimu ya Kujitegemea iliyofuata mwezi Machi viliifanya -jitegemea kuwa kitenzi maarufu kuliko vyote katika siasa za Tanzania. Kiima cha kitenzi hicho kilikuwa sisi. Kwa kuwa -ji- haibadiliki kwa idadi, umbo ni lile lile la anayejiajiri leo, lakini wanaoishi ndani yake wako mbali. Katika Azimio, aliyetakiwa kujitegemea ni taifa lenye ardhi na watu, na hoja ilielekezwa dhidi ya kutegemea fedha za wengine. Mwanakijiji mmoja alitakiwa awategemee wenzake ili wote pamoja wajitegemee. Yapo mengi ya kukosoa katika utekelezaji wa siasa hiyo, ikiwamo namna sisi ya kisiasa ilivyoweza kuzungumza kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa. Hata hivyo, ni vigumu kupuuza kwamba lugha iliupunguza wingi huo kimyakimya, bila kubadilisha hata herufi moja. Anayeambiwa leo ajitegemee huambiwa peke yake.

Uchunguzi wa jambo hili hauwezi kuishia kwenye mofolojia, wala hauwezi kuendelea bila hiyo. Wanafunzi wa uzamili wanaoandika tasnifu kuhusu tawasifu hupenda kuhesabu dhamira. Wangepata mengi kama wangehesabu pia vitenzi vyenye -ji-, wakauliza katika kila kimoja kama mtendwa bado yu hai ndani yake, kama katika -jionya, au amekwisha kumezwa, kama katika -jifunza. Hesabu ya namna hiyo katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ingeonyesha mahali ambapo karani wa Tanga anajiongoza kwelikweli na mahali ambapo anajisifu tu.

Ingeonyesha pia mahali ambapo -ji- haifiki. Baada ya Miaka Hamsini ni sehemu ya mtu anayepanga. Umri umesonga, kazi ya serikali inafika mwisho, na kilichomjaa ni vitabu: vilivyoandikwa, vinavyotafuta mchapishaji, vinavyongoja. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulichapishwa mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilichapishwa mwaka 1968. Kitenzi cha sentensi hiyo kiko katika kauli ya kutendwa, na watendaji wake, wachapaji, wahariri na jamaa walioitunza miswada, hawakutajwa.